Gurudumu la Mbele Kushoto

Harufu ilitangulia. Pale Vingunguti, jirani na machinjio,
penye harufu zake tangu alfajiri,
nikadhani ni ya watu. Kumbe ni yangu.
Muuza maji akagonga kioo:
“Mzee, tairi lako linaungua.”

Nikashuka. Nikatema mate kwenye rimu,
yakalia kama kitunguu kwenye mafuta.
Nyuma nina matofali sitini ya mtu wa Kinyerezi,
na mwenyewe anapiga simu kila dakika kumi
kuniuliza kama nimelala.

Wiki iliyopita nilimlipa Ngwale elfu thelathini na tano.
Alichomoa pistoni ya kalipa, akaipiga msasa laini,
akapaka pini grisi, akafuta mikono, akasema maneno
ambayo sikuyasikia vizuri, maana nilikuwa nahesabu chenji.
Leo nimemtukana njia nzima peke yangu,
kisha nikampigia, nikamtukana na yeye asikie.

Fundi Kondo hana bango.
Ana mwavuli wa kampuni ya simu uliopauka,
ana jeki, ana gogo la mnazi.
Akainua gari, akasukuma gogo chini ya chasisi
(jeki ni ahadi, gogo ndiyo dhamana),
akalishika tairi kwa mikono miwili, akalizungusha.
Wapi. Limegoma kama mtoto asiyetaka shule.

Shomvi, kijana wake, keshashika nyundo.
“Weka chini,” Kondo akamwambia.
“Ukimkuta mtu kakunja ngumi, unamvunja vidole?
Tazama kwanza nani kamuudhi.”

Akatia spana ya kumi kwenye nati ya kutolea hewa,
robo mzunguko tu.
Oili ikaruka, nyeusi kama kahawa ya kijiweni,
na tairi, bila kuombwa,
likazunguka.

Shomvi akaacha kutafuna muwa.

Kalipa haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la hosi.
Kondo aliikata kwa kisu, akanipa nichungulie:
nje mpira mweusi, mzima, wa heshima zake;
ndani imevimba, imebaki tundu la kupitisha uzi,
na uzi wenyewe uulambe kwanza.
Ukikanyaga, oili inapita kwa ubabe wa mguu.
Ukitoa mguu, oili inataka kurudi, haina wa kuisukuma.
Basi inakaa huko huko. Imeshika pistoni,
pistoni imeshika pedi, pedi zimeshika diski,
na mimi barabarani nalalamika
gari limekuwa zito, mafuta ya siku hizi yamechakachuliwa.

Bodaboda akaenda Gerezani,
akarudi na hosi mpya ndani ya mfuko wa mkate.
Elfu ishirini. Nikatoa noti moja moja,
kama mtu anayejing'oa kucha.

Halafu ikaja kazi ya mguu, ninayoiweza.
“Kanyaga!” Nikakanyaga.
“Shika!” Nikashika.
Chini huko, fyuu, povu kwenye chupa.
“Achia.”
Kanyaga. Shika. Achia.
Povu jingi, kisha povu haba, kisha
oili rangi ya asali changa.

Katikati ya hayo, mguu uko chini, nikampigia Ngwale.
Nilitaka nianze na habari za nyumbani.
“Hosi?” akauliza.
“Hosi,” nikasema.
“Si nilikwambia siku ile? Ukanijibu,
elfu ishirini kwa kipande cha mpira, unaniona mshamba?”

Sikukumbuka kusema hivyo.
Lakini sauti aliyoiigiza ilikuwa yangu kabisa,
mpaka kile kikohozi.

“Shika!” Kondo anapiga kelele uvunguni.
Nimeshika.
Jasho linanitambaa mgongoni, simu imebanwa begani.
Nikamwambia Ngwale, Jumamosi pitia,
kuna elfu tano yako ya maji.
Akasema kumi.
“Achia, wewe! Umelala?”

Nikaachia.